Mama aliniuliza, kidonge kikishatuliza maumivu kinaenda wapi?

Aliniuliza akiwa amekaa kitandani, mguu ameunyoosha, karatasi ya majibu ya maabara iko mapajani imekunjwa mara mbili. "Mwanangu, wewe ndo umesoma haya mambo, hebu niambie. Kidonge nakimeza, goti linatulia, alafu baada ya hapo chenyewe kinaenda wapi?" Na mimi niliyekaa miaka darasani nasoma biokemia nikamjibu, "Kinavunjwa na ini, mama," nikaona kabisa usoni kwake kwamba sijamjibu kitu. Kinavunjwa vipi? Vipande vinaenda wapi? Na kama ini ndo linalovunja, mbona hii karatasi inasema ini lenyewe ndo lina shida?

Jibu lile limenikaa moyoni tangu siku hiyo. Kwa hiyo nimekaa, nimerudi kwenye madaftari yangu na kusoma upya, na hapa naandika kile ambacho ningetaka kumwambia mama siku ile, kwa kirefu, bila kuruka sehemu ngumu, manake sehemu ngumu ndo penye jibu lenyewe.

Kwanza niseme ilivyokuwa. Mama ana magoti ya siku nyingi. Miaka yote alikuwa anachua na kuvumilia, mpaka mtu akamwambia kuhusu diklofenaki, akanunua mwenyewe, akaona maajabu. Vidonge vya miligramu 50, kimoja asubuhi, kimoja jioni, na siku goti likikataa kabisa anaongeza cha tatu. Miezi minne hivyo. Hakuna aliyemuuliza chochote pale alipokuwa ananunua, na yeye hakuona cha kuuliza. Alafu akaanza kuchoka, hamu ya chakula ikapotea, kichefuchefu cha hapa na pale, mkojo ukawa na rangi ya kukolea hata akinywa maji mengi. Kwenda kupima, kipimo kinachoitwa ALT kikaja 172, wakati maabara nyingi huweka mwisho wa kawaida kwenye 40 hivi.

Daktari aliyemwona akamuuliza, "Mama, kuna dawa yoyote unatumia kila siku?" Mama akasema hakuna. Na hakudanganya. Kwake yeye dawa ni ile ya ugonjwa, ya presha, ya sukari, ile unayoandikiwa na kukalishwa chini kuelezwa. Hii ya maumivu ni kitu cha kumeza tu ukiumwa. Mimi ndo niliyekuwa nimekaa pembeni nikakumbuka lile boksi juu ya kabati.

Sasa ALT. Hiki ni kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kemia ya mwili, ambacho makazi yake ni ndani ya seli za ini, kina kazi yake huko ya kuhamisha kipande chenye nitrojeni kutoka kwenye kijenzi cha protini kwenda kwenye molekuli nyingine, na kwenye damu hutakiwi kukikuta isipokuwa kidogo sana. Ukikikuta kingi, maana yake kuna seli za ini zimeumia, kuta zake zimepitisha vilivyokuwa ndani. Ni kama kuona maji yanatiririka chini ya mlango: hujaona bomba, lakini unajua kuna kitu kimepasuka huko ndani. Kipimo hakikwambii nani kapasua.

Turudi kwenye kidonge. Diklofenaki ilitengenezwa na kampuni ya Ciba-Geigy ya Uswisi, waliohusika ni wanakemia Alfred Sallmann na Rudolf Pfister, ikaingia sokoni miaka ya 1970 kwa jina la Voltaren. Molekuli yenyewe ni ndogo. Ina pete mbili za kaboni zilizoshikwa pamoja na nitrojeni, pete moja imebeba atomu mbili za klorini (ndo hiyo "diklo" kwenye jina), na pete ya pili ina mkia wa asidi. Zile klorini mbili ni kubwa kiasi kwamba zinazilazimisha pete zisilale bapa, zinajipinda, na huko kujipinda ndo kunaifanya iingie vizuri kwenye kimeng'enya kinachoitwa siklooksijenasi, watu wengi wanakijua kama COX. Hiki COX ndo kinachotengeneza prostaglandini, zile kemikali zinazoleta uvimbe, joto na maumivu pale mwili unapoumia. John Vane alionyesha mwaka 1971 kwamba aspirini inafanya kazi kwa kuzuia utengenezaji huo, na mwaka 1982 akawa mmoja wa waliopewa Nobel. Diklofenaki ni ya ukoo huohuo.

Shida ya molekuli hii, na ya dawa nyingi sana, ni kwamba inapenda mafuta kuliko maji. Na ni vizuri ipende mafuta, manake kuta za seli zetu ni za mafuta, bila hivyo isingepenya utumbo kuingia kwenye damu wala isingefika gotini. Lakini kitu kinachopenda mafuta hakitoki mwilini kirahisi. Figo zinachuja damu, sawa, lakini kitu cha mafuta kikishachujwa kinapenya tena ukuta wa mrija wa figo kinarudi kwenye damu kilikotoka. Na diklofenaki ina jambo lingine juu ya hilo: ikiwa kwenye damu, zaidi ya asilimia 99 yake inakuwa imeng'ang'ania albumini, ile protini kubwa ya damu, na albumini haipiti kwenye chujio la figo. Kwa hiyo ukiziachia figo peke yake hii kazi, kidonge ulichomeza leo ungekaa nacho kwa muda mrefu sana.

Hapo ndo ini linapoingia. Na hapa ndo neno "kuvunja" lilinikosesha kumjibu mama vizuri, manake ini hata haliivunji hii dawa kwa maana ya kuipasua vipande vipande. Pete zile mbili zinabaki, klorini zinabaki. Ini linachofanya ni kuibandika vitu vinavyopenda maji mpaka ikubali kuondoka. Neno sahihi ni kuigeuza. Kila mtu anasema kuvunja na mimi nitaendelea kusema kuvunja humu ndani kwa mazoea, ila jua picha iliyo nyuma yake.

Safari yenyewe iko hivi. Kidonge kimepakwa ganda lisiloyeyuka kwenye asidi ya tumbo, kinayeyukia kwenye utumbo mdogo, dawa inanyonywa karibu yote. Lakini damu inayotoka utumboni haiendi moja kwa moja kwenye moyo. Inapita kwanza kwenye mshipa mkubwa unaoingia kwenye ini, ini linakagua, ndo iruhusiwe kuendelea. Hata haijafika gotini hata mara moja, karibu nusu ya dozi inakuwa imeshageuzwa hapo! Katika miligramu 50 ulizomeza, kinachofanikiwa kuzunguka mwilini kikiwa bado diklofenaki kamili ni kama asilimia 50 mpaka 60 tu. Alafu hiyo iliyopita nayo inarudi tena na tena kwenye ini kila damu inapozunguka, na kila ikipita inapungua, kiasi kwamba kila baada ya saa moja mpaka mawili nusu ya iliyopo kwenye damu inakuwa imekwenda.

Masaa mawili tu. Nilipomwambia mama hilo akashangaa, akasema mbona goti linatulia mpaka jioni. Ni swali zuri na lina jibu. Dawa inaingia kwenye ute wa ndani ya goti polepole na inatoka polepole vilevile, kwa hiyo wakati damu imeshasafishwa, ndani ya kiungo bado kuna dawa. Damu na goti havina saa moja.

Haya, tuingie ndani ya seli ya ini. Kuna familia ya vimeng'enya inaitwa saitokromu P450. Hiyo namba 450 inawachanganya watu, wanadhani viko 450. Sivyo. Miaka ya 1950 na 1960 watafiti waliona kwamba kuna kitu kwenye seli za ini ambacho ukikikutanisha na gesi ya kaboni monoksaidi kinanyonya mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 450, na Wajapani wawili, Tsuneo Omura na Ryo Sato, ndo walioonyesha kwamba kitu hicho ni protini yenye hemu, yaani ile chembe yenye chuma iliyo pia kwenye hemoglobini ya damu yetu. P ni ya pigmenti. Binadamu tuna jeni 57 za familia hii, ila zinazoshughulika na dawa nyingi tunazomeza hazifiki hata 10.

Kwa diklofenaki mhusika mkuu anaitwa CYP2C9. Kinachofanyika ni kitu ambacho mimi kila nikikifikiria nasisimka. Ile chuma katikati ya kimeng'enya inashika oksijeni, oksijeni ileile tunayovuta, inapokea elektroni kutoka kwa protini jirani, inaipasua oksijeni ile katikati, atomu moja inakuwa maji na nyingine inapachikwa kwenye dawa. Yaani oksijeni uliyoivuta muda si mrefu nusu yake imeenda kukaa juu ya pete ya kidonge cha maumivu. Inapachikwa mahali pamoja maalum, kwenye ile pete yenye klorini, upande ulio mbali zaidi na nitrojeni, na kitu kinachozaliwa kinaitwa 4-hidroksidiklofenaki. Kina nguvu ndogo sana ya kutuliza maumivu ukilinganisha na dawa yenyewe, na kwa kuwa sasa kina mkono wa oksijeni na hidrojeni kinaanza kukubaliana na maji.

CYP2C9 hakipo peke yake. CYP3A4, ambacho ndo kinashughulika na dawa nyingi kuliko vyote, nacho kinaipachika oksijeni kwenye ile pete nyingine, kidogo tu. Hiyo njia ni ndogo lakini usiisahau, tutairudia.

Alafu kuna kundi la pili la vimeng'enya ambavyo havipachiki oksijeni, vinapachika sukari. Vinaitwa UGT, na wa diklofenaki hasa ni UGT2B7. Kinachukua asidi ya glukuroniki, ambayo ni ndugu wa glukosi, kinaibandika kwenye ule mkia wa asidi wa dawa. Sukari inapenda maji kupita kiasi, kwa hiyo molekuli ikishabebeshwa sukari haiwezi tena kupenya mafuta, inasukumwa nje ya seli na pampu maalum, nyingine zinapeleka upande wa damu ili figo zitoe, nyingine upande wa nyongo. Mwisho wa yote, karibu thuluthi mbili ya dozi inatoka kwa mkojo na thuluthi moja kwa nyongo na choo, na diklofenaki iliyotoka ikiwa vilevile kama ulivyoimeza haifiki hata asilimia 1.

Kwa hiyo mama, kidonge kinaenda wapi? Kinavalishwa oksijeni na sukari, alafu kinatoka na maji. Hilo ndo jibu fupi, na ningekuwa nimempa hilo siku ile angelielewa.

Lakini alikuwa na swali la pili, lile la mbona ini ndo limeumia. Na hapa ndo nilipotumia usiku mwingi.

Ile sukari iliyobandikwa kwenye mkia wa dawa haikai kwa utulivu. Kifungo chake ni cha aina ambayo kinaweza kufunguka na kushika kitu kingine kilicho karibu, na vilivyo karibu ni protini za ini lenyewe. Vilevile ile dawa iliyopachikwa oksijeni, hasa kwa ile njia ndogo ya CYP3A4, inaweza kuoksidishwa mara ya pili ikawa kitu kinachoitwa kwinoni-imini, kitu chenye njaa ya elektroni, kinachodaka chochote. Seli ya ini ina mlinzi kwa ajili ya vitu kama hivi, anaitwa glutathioni, yeye anajitoa anadakwa badala ya protini, na siku nyingi yote yanaishia hapo kimya kimya bila wewe kujua. Siku nyingine hayaishii hapo. Protini zinadakwa, zinabadilika sura, na inaelekea kwamba kwa watu wachache kinga ya mwili inaziona protini hizo kama za mgeni na kuanza kuzishambulia pamoja na seli zilizozibeba.

Sitaki kusema hii ndo hasa iliyomtokea mama. Hakuna kipimo kinachoweza kumrudisha mtu nyuma kumwonyesha ni molekuli ipi ilidaka protini ipi. Ninachosema ni kwamba kazi ileile inayoiondoa dawa mwilini ndo inayozaa vitu vikali kuliko dawa yenyewe, na inafanyika ndani ya ini, kwa hiyo moto ukitokea unaanzia kwa aliyekuwa anafanya kazi. Hili lilinigusa sana. Nilikuwa nadhani ini linaumia kwa sababu dawa ni "sumu" imelivamia. Kumbe ini liliumia likiwa kazini.

Na uwezekano wenyewe ni upi? Kwenye majaribio makubwa ya dawa hii, ALT kupanda zaidi ya mara tatu ya kiwango cha mwisho cha kawaida ilionekana kwa watu kama 2 hadi 4 katika kila 100 waliotumia kwa muda mrefu, na wengi wao hawakuhisi chochote, wengine kipimo kikashuka chenyewe hata kabla ya kuacha. Kuumia kwa ini mpaka kulazwa ni nadra mno, ni watu wachache katika makumi ya maelfu. Kwa hiyo usitupe boksi lako ukimaliza kusoma hapa. Lakini dawa hii inamezwa na watu wengi mno duniani, na nadra ikizidishwa na wengi mno inakuwa watu, na mmoja wao anaweza kuwa mama yako. Ikitokea, mara nyingi inatokea ndani ya miezi ya mwanzo, ndo maana wanaoandikiwa kwa muda mrefu wanashauriwa kupimwa ini mapema, ndani ya wiki nne mpaka nane za kwanza. Mama hakuandikiwa, kwa hiyo hakupimwa.

Kuna dawa moja ya maumivu, lumirakoksibu, ambayo ni kama diklofenaki iliyobadilishwa kidogo tu, klorini moja imewekwa florini badala yake na kipande kidogo cha kaboni kimeongezwa. Ilitengenezwa ili isiumize tumbo. Mwaka 2007 Australia waliiondoa sokoni kwa sababu ya maini, na nchi nyingine zikafuata. Baadaye ikaonekana kwamba walioumia wengi walikuwa na aina fulani ya jeni za kinga ya mwili, jambo linalokubaliana na ile hadithi ya kinga kushambulia protini zilizodakwa.

Nikiwa kwenye jeni, niseme kitu kuhusu ushauri unaozagaa siku hizi kwamba ukapime jeni za CYP2C9 kabla ya dawa hizi. Ni kweli watu tunatofautiana. Jeni hiyo iko kwenye kromosomu ya 10, na kuna matoleo yake yanayofanya kazi polepole, yanaandikwa kwa nyota na namba: nyota 2, nyota 3, na kwa watu wenye asili ya Afrika kuna mengine kama nyota 8 ambayo tafiti nyingi za mwanzo hazikuyahesabu kabisa kwa kuwa waliopimwa walikuwa Wazungu, na hilo mimi linaniuma. Mwenye matoleo hayo ya polepole akimeza piroksikamu, dawa nyingine ya maumivu ambayo hata kwa mtu wa kawaida nusu yake inachukua kama masaa 50 kutoka, anakaa nayo muda mrefu zaidi. Hata ibuprofeni na selekoksibu, nazo za maumivu, anashauriwa aanze na dozi ndogo. Lakini kwa diklofenaki mambo ni tofauti, jeni hizo hazibadilishi sana kiasi kilichopo kwenye damu, manake ina milango mingi ya kutokea, mmoja ukibana inapitia mwingine. Mwongozo wa kitaalamu wa mwaka 2020 haukupendekeza kubadili dozi ya diklofenaki kwa sababu ya jeni hii. Kwa hiyo ningemtuma mama kupima jeni nisingepata jibu la ini lake.

Kinachobana milango kweli ni dawa nyingine. Flukonazoli, ile ya fangasi, inakikalia CYP2C9 kiasi kwamba diklofenaki inakosa nafasi na kiasi chake kwenye damu kinapanda. Rifampisini, ya kifua kikuu, inafanya kinyume, inaliambia ini litengeneze vimeng'enya vingi zaidi, dawa inaondoka haraka, mtu anaona kidonge hakifanyi kazi anaongeza. Na warfarini ya kuzuia damu kuganda inapita mlango uleule, ingawa ubaya mkubwa wa kuichanganya na diklofenaki hauko hata kwenye ini, uko tumboni: zote mbili kwa njia tofauti zinasogeza mtu kwenye kutoka damu. Ukiwa na dawa ya kila siku na unataka kuongeza hii, uliza kwanza. Hilo nalisema nikiwa namaanisha.

Ibuprofeni ina jambo lake la ajabu ambalo lazima nilitaje. Inatengenezwa ikiwa na sura mbili, kama mkono wa kulia na wa kushoto, na mmoja tu ndo unaozuia maumivu vizuri. Ini linachukua ule mkono usiofaa, linaugeuza zaidi ya nusu yake kuwa mkono unaofaa. Yaani hapo kimeng'enya kinatengeneza dawa badala ya kuiondoa. Ndo hivyo, ini halina nia wala mpango na dawa zetu, linafanya kemia yake tu.

Alafu utumbo. Ile diklofenaki iliyobandikwa sukari ikatupwa kwenye nyongo inashuka mpaka utumboni, na huko kuna bakteria wenye kimeng'enya cha kukata sukari ile. Wakikata, diklofenaki inazaliwa upya, inanyonywa tena, inarudi kwenye ini, inabandikwa sukari tena. Mzunguko. Na kila ikizaliwa upya kule chini inakuwa imegusana na ukuta wa utumbo. Kwa panya imeonekana wazi: ukiwazuia bakteria wasikate ile sukari, vidonda vya utumbo mdogo vinapungua sana. Ndo maana hata mtu anayechomwa sindano ya dawa hii, ambayo haikupita mdomoni kabisa, bado utumbo wake hauko salama.

Sasa niwapeleke kwa ndege, manake ni hadithi iliyonifanya nielewe thamani ya vimeng'enya hivi kuliko kitabu chochote. Kusini mwa Asia miaka ya 1990 tumbusi walianza kufa kwa wingi. India, Pakistan, Nepal, ndege waliokuwa mamilioni, aina moja yao ikapungua kwa zaidi ya asilimia 99 ndani ya miaka 15 hivi. Walitafuta virusi, walitafuta sumu za wadudu, hawakuona. Mwaka 2004 Lindsay Oaks na wenzake, waliofanya utafiti Pakistan, wakachapisha jibu: diklofenaki. Ng'ombe walikuwa wanapewa dawa hii wakiumwa, wakifa nayo mwilini tumbusi wanakula mzoga, na ndani ya siku chache figo zao zinakufa, tumbo lote ndani linafunikwa na unga mweupe wa asidi ya yuriki. Ilikadiriwa kwamba hata ikiwa chini ya mzoga 1 katika kila 100 una dawa, inatosha kuwamaliza.

Kiasi ambacho mama anameza na kwenda kulala, kwa tumbusi kidogo tu cha hicho ni kifo. Sababu mojawapo ni uondoaji. Tumbusi waliopimwa walichukua zaidi ya masaa 12 kupunguza nusu ya diklofenaki kwenye damu yao, kazi ambayo ini la binadamu linaifanya kwa masaa mawili. Dawa ileile, kazi ileile ya kuzuia COX, lakini huyu ana vimeng'enya vya kuigeuza haraka na yule hana. Nchi hizo tatu zilipiga marufuku matumizi yake kwa mifugo mwaka 2006, meloksikamu, dawa nyingine ya maumivu ambayo tumbusi wanaiweza, ikachukua nafasi.

Nilimsimulia mama hadithi ya tumbusi. Akakaa kimya muda, akasema, "Kwa hiyo ini langu lilikuwa linanikinga siku zote hizi na mimi sijui." Sikuwa na cha kuongeza.

Daktari alimwachisha vidonge siku ileile. Hakuna dawa aliyopewa ya "kusafisha ini", na nashukuru kwa hilo, kwa sababu ini lililoumia namna hii kinacholisaidia zaidi ni kuondoa kilichokuwa kinaliumiza. Wiki mbili baadaye ALT ikawa 96. Wiki ya sita, 38. Mkojo ulishakuwa mweupe zamani, na hamu ya chakula ilirudi kabla hata ya kipimo cha kwanza cha kurudia.

Goti lakini lilirudi nalo, maumivu hayakwenda kokote. Tukaongea na daktari kuhusu jeli ya kupaka, na hapo nikafurahi kwa sababu nilijua cha kuuliza. Diklofenaki ya kupaka inapita kwenye ngozi moja kwa moja hadi kwenye goti, na inayoingia kwenye damu ya mwili mzima ni kama asilimia 6 tu ya ile ya kumeza. Kwa wengi hiyo ni nafuu kubwa kwa ini. Daktari akasema kwa wengi ndiyo, ila kwa mtu ambaye ini lake limeshaonyesha kuikataa dawa hii, hata kidogo ni kidogo cha dawa ileile, yeye angependa asiiguse tena kwa njia yoyote. Kama ni kinga ya mwili ndo iliyohusika, kinga huwa inakumbuka. Tukaacha. Sasa hivi mama anafanya mazoezi ya kukaza misuli ya paja kila asubuhi akiwa amekaa kwenye kiti, ananyoosha mguu, anahesabu mpaka 10, anaushusha, na siku mbaya anameza parasetamoli kwa kipimo alichopewa, ambayo nayo ina njia zake kwenye ini na mipaka yake ambayo hairuhusiwi kuvukwa, na nimemwandikia mipaka hiyo kwa herufi kubwa.

Ana daftari dogo siku hizi, liko pale juu ya kabati lilipokuwa boksi. Kila kitu anachomeza anakiandika, jina, saa, na kwa nini. Juzi nimelifungua nikakuta ukurasa wa kwanza ameandika kwa mwandiko wake wa kuinama: "Oksijeni, alafu sukari, alafu maji."